Hodi Kabla ya Kukata

Walimu wenzangu wa hisabati, mliponiaga mlinipa godoro, kitenge na kazi. Godoro nimelilalia, kitenge kiko kwa fundi, na kazi ndiyo hii. Mlisema niandike nilivyofundisha miaka yote hiyo, Handeni kwanza na Korogwe baadaye, ili nanyi mpate pa kuanzia. Nawaonya mapema: habari za kupandishwa daraja hamtazipata humu. Anayezitaka aende kwa afisa utumishi, akae kwenye benchi, asubiri kama nilivyosubiri mimi. Mimi nitawasimulia neno moja tu nililolibeba kutoka ubao mmoja hadi mwingine, na jinsi mashine ilivyotaka kuninyang'anya.

Nilianza Handeni, nyumbani kwetu Uziguani, nikiwa msichana mwembamba mwenye cheti kipya na viatu vya kubana. Mkuu wa shule aliniangalia kutoka juu mpaka chini akauliza, "Wewe ndiye mwalimu wa hesabu?" Nikasema ndimi. Akaguna kama mtu aliyeagiza ng'ombe akaletewa mbuzi, kisha akanipeleka kwa Mwalimu Mhina.

Mwalimu Mhina alikuwa Mshambaa wa Kwashemshi, mzee wa kanisa, mrefu, suruali yake imepigwa pasi mpaka ina makali. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Umekula?" Nikasema nimekula. Akasema, "Vizuri, maana leo hutafundisha. Leo utapaka ubao."

Ninyi mliozoea mbao nyeupe na kalamu za wino hamwezi kuijua kazi ile. Wanafunzi walileta betri za redio zilizokwisha na majani ya maboga. Betri tulizipasua, ule unga mweusi wa ndani tukautwanga pamoja na majani, tukaukoroga na maji kidogo, tukapaka. Dasta ilikuwa kipande cha godoro kilichofungwa kwenye mti. Jioni nilikuwa mweusi mpaka viwikoni, na Mwalimu Mhina amesimama mlangoni ananicheka. "Wazigua mna ukame," akaniambia, "lakini maji ya kunawa mkono hayakosekani." Nikamjibu kwamba Washambaa wakishuka kwenye nchi tambarare huwa hawajui wapi pa kukanyaga. Tangu siku hiyo tukawa watani, na utani huo uliniokoa na mengi.

Kesho yake nikaingia kidato cha pili. Somo lilikuwa kurahisisha hesabu za herufi, ile kazi ya kuchukua rundo la eksi na namba, juu na chini ya mstari, na kulipunguza mpaka libaki kitu kidogo kinachobebeka. Niliandika ubaoni (x + 5) / x, nikauliza kama kuna cha kupunguza. Mikono ikajaa. Mvulana mmoja akaja mbele kwa mbwembwe, akaikata eksi ya juu, akaikata ya chini, akaandika 5. "Zimekatana, madam," akasema. Darasa zima likatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikaeleza kwamba haikatwi. Wakaitika ndiyo. Nikatoa nyingine ya namna ileile, wakakata tena. Ukimwambia mtoto kwamba hesabu inaweza kufupishwa, mkono wake unawasha, atakikata chochote kinachofanana na kingine. Nilieleza kwa upole, nikaeleza kwa ukali, nikaeleza kwa kupiga meza. Wapi! Mwalimu Mhina alikuwa amekaa nyuma kabisa. Kengele ilipolia nilikuwa karibu kulia nayo.

Siku iliyofuata akaniomba chaki. Akaandika (x² − 9) / (x − 3), lakini mstari wa katikati akauvuta mrefu na mnene. Akauliza, "Hiki ni nini?" Wakasema ni mstari. "Hapana. Hiki ni kizingiti. Juu wanakaa watu, chini wanakaa watu. Sasa niambieni, hapa Handeni, mtu anayeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi ni nani?"

"Mwizi!" wakajibu.

"Au mwendawazimu," akaongeza mmoja, darasa likaangua kicheko.

"Basi ninyi nyote jana mlikuwa mmoja wa hao," akasema. "Kabla hujakata, simama kizingitini, bisha hodi. Kwanza utazame waliomo. Eksi aliyeshikana na tano kwa kujumlisha hatolewi peke yake. Hao ni ndugu, wako ndani ya mabano, wakitoka watoke wote. Pili, umuulize aliye chini, wewe unaweza kuwa sifuri? Kwa sababu akiwa sifuri, nyumba haina sakafu. Hakuna kugawanya kwa sifuri. Ukiingia unadumbukia."

Akawaonyesha. Juu, x² − 9 ni (x − 3) mara (x + 3). Chini kuna x − 3. Sasa hao ni mabano kamili kwa mabano kamili, wanakatika, na kinabaki x + 3. Lakini kabla ya kukata akaweka mkono sikioni, darasa likaita, "Hodi!" Akajibu yeye kwa sauti nene ya wa chini, "Karibu, ila eksi asiwe tatu!" Maana eksi akiwa tatu, x − 3 ni sifuri. Ndipo akakata. Na pembeni ya jibu akaandika ile ila yake: x + 3, ila x asiwe 3.

Jamani, nililipenda neno lile papo hapo. Wiki haikwisha, watoto wakawa wanaita hodi wenyewe, nusu ya darasa inabisha, nusu inakaribisha. Kelele yake haikuwa ya kawaida. Mwalimu wa jiografia alikuwa mgeni, hajui habari zetu, na mara nyingi alitoka darasa la jirani akisema "Karibu!" akitazama huku na huku kumtafuta mgeni. Lakini watoto waliacha kukata ovyo. Mkono ukitaka kukimbia, neno linaushika.

Mwalimu Mhina alistaafu mapema kuliko nilivyotaka, akapanda milimani kwao kulima migomba. Siku ya kuondoka alinipa rula yake ndefu ya mbao, ile ya ubaoni, iliyoliwa pembe moja. Alisema, "Madam Mwajabu, usiache kuwabishisha hodi." Nikamwambia sitaacha. Nilikwenda kumzika miaka mingi baadaye, na pale makaburini nilikuta watu wazima, wenye mvi, waliosoma kwake na ambao sikuwajua, wakisalimiana kwa "Hodi!" na "Karibu, ila!" huku wakilia na kucheka. Nilishindwa kujizuia.

Basi nikahamishiwa Korogwe. Joto la Korogwe mnalijua, chaki yenyewe inatoa jasho. Nilifika na rula yangu, nikawabishisha hodi watoto wa huko, nao wakaipenda. Wa mjini, wa Magoma, wa kambi za mkonge, wote walitoka nyumba ambazo mtu hakanyagi ndani mpaka aitikiwe. Sikuhitaji kuwafundisha hodi ni nini.

Kompyuta zilikuja shuleni kwetu zikiwa zimefungwa kwenye maboksi, nyingine zina nyaya na nyingine hazina. Tukaondoa majembe kwenye stoo, tukatia nondo dirishani, tukaiita maabara. Pamoja nazo, muda si mrefu, akaja Mwalimu Baraka. Baraka, najua unasoma, na usijifanye huoni. Ulikuja kutoka Dar na viatu vyeupe kwenye matope yale, na kila neno lako lilikuwa "freshi" au "poa", lakini kila asubuhi ulinipa shikamoo yangu kamili, na kwa hilo nilikusamehe viatu.

Yeye ndiye aliyetia kwenye zile kompyuta programu ya aljebra. Akaniita nione. "Madam, ipe hesabu yoyote. Ngumu kabisa." Nikaipa ile niliyokuwa nikiitunza kwa ajili ya wanafunzi wenye kiburi, yenye mabano ndani ya mabano, ambayo mimi mwenyewe hujaza ubao mzima na kufuta katikati. Aliiandika, akabonyeza. Sikuwa hata nimeweka mkoba chini. Jibu lilikuwa pale kwenye kioo, fupi, safi, sahihi.

Nisiseme uongo, niliona wivu. Maisha yangu yote, vumbi lote lile la chaki kifuani, na kitu hiki hakijapumua hata mara moja! Nikamwambia, "Sawa. Na kupika ugali kinajua?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Lakini wivu ulipita, nikazoea, kisha nikapenda. Nilikuwa nikienda stoo saa za mapumziko kutunga maswali. Unafungua mabano, inafungua. Unaiambia irudishe, inarudisha, wala hainung'uniki. Nikaona miaka yangu yote nilikuwa nikiogopa kuwapa watoto hesabu ndefu kwa kuhofia kukosea mwenyewe mbele yao, na sasa woga ule haupo. Kwa hilo niliishukuru ile mashine kwa moyo wote. Asiwadanganye mtu kwamba Madam Mwajabu alikuwa adui wa kompyuta.

Sasa, darasani mwangu alikuwepo msichana anaitwa Mwanaidi, wa Magoma. Alikuwa mrefu, mkaidi, na sauti yake ya hodi ilisikika kuliko ya wote. Alikaa Korogwe mjini kwa mama yake mdogo kwa sababu moja tu: shule ya jirani na kwao haikuwa na mwalimu wa fizikia, na yeye alitaka kuwa mhandisi wa maji. Pampu ya kijiji chao iliharibika, fundi akasubiriwa mpaka watu wakasahau kwamba anasubiriwa. Mama mdogo alimpokea kwa makubaliano na wazazi. Akichaguliwa mchepuo wa sayansi kidato cha tatu, atabaki. Asipochaguliwa, hana sababu ya kukaa mjini, arudi akawasaidie wenzake shambani na asome hukohuko. Mwanaidi alinieleza haya yote siku moja akinisaidia kubeba madaftari, bila kujionea huruma hata kidogo.

Siku ya kwanza Baraka alipowaingiza maabara, aliwaonyesha ile hesabu yetu ya zamani, (x² − 9) / (x − 3). Akabonyeza. Kioo kikasema x + 3, basi. Mwanaidi akanyoosha mkono. "Sir, mbona haikubisha hodi?"

Wenzake wakacheka. Baraka hakuwa akijua mambo yetu, akadhani ni mzaha, akamwambia, "Ibishie wewe." Mwanaidi akaja mbele, akaandika herufi moja moja kwa kidole kimoja: hodi. Akabonyeza. Mashine ikajibu:

hodi

Hapo darasa lilipasuka. Baraka akaeleza kwamba mashine hailijui neno hilo, imelichukua kama eksi au wai, jina la kitu kisicho na thamani bado, na kitu usichokijua unakirudisha kama ulivyopewa. Mwanaidi hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake akisema, "Hodi kwa hodi. Sasa atakaribisha nani?"

Muhula wa mwisho ukafika mtihani wa kuchagua mchepuo. Hesabu zilifanywa kwenye kompyuta, kwa zamu, na Baraka akaandaa mashine isahihishe yenyewe, ikilinganisha jibu la mtoto na jibu lake. Aliwaambia waandike jibu tu. Wenzake wote Mwanaidi wakaandika jibu tu. Yeye akaandika majibu yake na ila zake zote, "x + 3, ila x asiwe 3," swali baada ya swali, na mashine ikampa kosa, kosa, kosa.

Alikuja ofisini kwangu majina yakiwa yameshabandikwa. "Shikamoo madam." "Marahaba, vipi?" Akafunga mlango kwanza. Kisha akasema, "Nimefeli hesabu, madam. Nimebisha hodi kila mahali." Hakuniuliza kwa nini nilimfundisha vile. Laiti angeniuliza, ningekuwa na la kujibu. Alisema mama yake mdogo ameshapewa habari, na gari la Magoma linaondoka mchana. Akaniaga kwa adabu, akatoka.

Niliinuka. Nikachukua rula ya Mwalimu Mhina, sijui kwa nini, nikaenda nayo chumba cha walimu. Walioniona wanasema nilionekana kama ninakwenda kumchapa mtu mzima. Baraka alikuwa anakula kiporo cha wali.

"Baraka, umemfelisha Mwanaidi!"

"Shikamoo madam. Si mimi, ni mashine. Niliwaambia waandike jibu tu, yeye kaandika insha."

"Hiyo insha ni nusu ya jibu!"

"Madam wangu, kwa heshima zote, jibu ni x + 3. Twende nikuonyeshe." Tukaenda stoo, walimu wengine wanatufuata kama kwenye ngoma. Akaandika (x² − 9) / (x − 3), ile ndefu, upande huu, x + 3 upande ule, akaiuliza mashine, je, hivi viwili ni kitu kimoja? Mashine ikajibu ndiyo, ni kimoja. Baraka akafungua mikono. "Unaona?"

Niliona. Kila mtu aliona. Nilikuwa nimesimama na rula mkononi. Nilijua kuna jambo haliko sawa, lakini mashine imesema ndiyo mbele ya watu, na mimi ni mama mwenye neno la hodi alilopewa na mzee wa Kwashemshi. Nikasema, "Haya," nikatoka. Nilikwenda jikoni kwa wapishi, nikaomba chai, nikakishika kikombe bila kuinywa. Nilimfikiria yule mtoto anafunga begi lake. Niliumia, nawaambia ukweli. Nilihisi nimezeeka.

Chai haijapoa nikasikia mtu anakimbia. Ni Baraka, na viatu vyake. "Madam, njoo. Njoo uone kitu."

Baada ya mimi kutoka, hakuendelea kula. Lile neno lilimkaa. Akajiuliza, hii ila ni ya nini? Akaiambia mashine, eksi awe tatu, tia kwenye x + 3. Mashine ikasema 6, bila wasiwasi. Kisha akaitia tatu hiyohiyo kwenye hesabu ile ndefu ya mwanzo. Mashine ikagoma. Ikaandika maneno mekundu kwamba kuna kugawanya kwa sifuri, haiwezi. Kitu kilekile ilichoapa kwamba ni kimoja!

"Ilikata bila kubisha," Baraka akasema. Alikuwa amekaa mbele ya kioo, mikono magotini. "Imechukua ya juu na ya chini, imekata, imesahau kwamba pale kwenye tatu palikuwa na shimo. Na mimi nikawaadhibu walionikumbusha." Kisha akanitazama. "Yaani aliyenikumbusha. Ni mmoja tu."

Nikamwambia ainuke, twende kwa mkuu wa shule.

Mkuu wetu alikuwa mwalimu wa historia, mtu wa utaratibu, kalamu zake zote zimepangwa. Alisikiliza, akavua miwani. "Kwa hiyo kwa ajili ya mwanafunzi mmoja nibandue orodha niliyoisaini?" Nikafungua mdomo, lakini Baraka akanitangulia. "Kosa ni langu mkuu, si la mtoto. Niliipa mashine kazi ya kusahihisha nami sikuisahihisha mashine. Nitapitia majibu yao yote kwa mkono, na madam atanisimamia. Lakini huyu anaondoka mchana."

Mkuu akasema hesabu yeye alizikimbia tangu ujana, tumweleze kwa lugha ya watu. Nikamweleza kwa lugha ya Mwalimu Mhina. Kizingiti, hodi, aliye chini. Akafikiri. "Yaani mashine iliingia nyumba isiyo na sakafu, na haikujua."

"Na Mwanaidi alijua," nikasema.

Akachukua kalamu moja kutoka kwenye safu yake, akatoka nayo mpaka kwenye ubao wa matangazo. Akaandika jina la Mwanaidi chini ya orodha ya sayansi kwa mkono wake, akatia sahihi pembeni.

Mimi sikumsubiri amalize. Nilipanda bodaboda nikiwa bado nimeshika rula, kijana wa pikipiki ananiuliza, "Mama, tunakwenda kupigana?" Nikamwambia akimbize. Stendi gari la Magoma lilikuwa limeshawasha injini. Nikamwona Mwanaidi dirishani, begi mapajani, na mama yake mdogo amesimama chini akimpa karanga za njiani.

Nikagonga bati la gari kwa ile rula. "Mwanaidi, shuka! Jina lako limo!"

Hakushuka. Alinitazama kwanza, macho makavu kabisa, akauliza, "Wamekubali na zile ila, madam?"

"Wamekubali na ila zote."

Ndipo akashuka, na aliposhuka akalia, mama yake mdogo akalia, na kondakta akaanza kutufokea kwamba tunamchelewesha. Karanga zilimwagika zote. Sikuwahi kuona watu wakiokota karanga kwa furaha namna ile.

Baraka alipitia majibu yote kwa mkono, kama alivyoahidi, nikamsimamia. Tangu hapo mimi na yeye tulifundisha pamoja. Mashine inakata, darasa linabisha. Watoto wanaibonyeza, jibu linatokea, kisha wote wanageuka kuutafuta mstari wa mwanzo na kuuliza aliye chini ni nani. Miaka yangu ya mwisho kazini ilikuwa mitamu kuliko yote, na ninaitamani. Ninaamka asubuhi mkono unatafuta chaki. Hata ile kelele naitamani, hata joto la stoo ile umeme ukikatika na kompyuta zikizima zote mara moja na watoto wakisema "Aaaah!" kwa pamoja.

Mliponiaga mlimwona Mwanaidi. Alikuja kutoka Dar, yuko chuoni anasomea maji kama alivyosema, ameshuka na mfuko wa machungwa aliyonunua Segera. Baada ya hotuba, ninyi mkiwa mnagombania soda, yeye na Baraka walinivuta pembeni. Baraka akanipa kompyuta yake ya zamani, ile ya kukunja. "Madam, ukaitumie nyumbani." Mwanaidi akaifungua, akaweka flashi, akanisogezea kiti. "Madam, bisha hodi."

Nikasema, "Mwanangu, hii haijui."

"Bisha tu."

Nikaandika hodi, na kwenye mabano ile hesabu yetu. Nikabonyeza. Kioo kikaandika:

Karibu, ila x asiwe 3.

Walikuwa wameifundisha, wao wawili, kwa simu, kwa miezi mingi. Ukiipa hesabu yoyote yenye mstari, inamwuliza kwanza aliye chini. Nilijaribu nyingine, na nyingine. Karibu, ila. Karibu, ila. Nilimkumbuka Mwalimu Mhina na mkono wake sikioni, na sikuona tena herufi vizuri.

Nilipojifuta machozi nikauliza, je, nikiandika hodi peke yake, bila hesabu? Mwanaidi akasema, "Hiyo sikuigusa, madam. Itakujibu hodi kama zamani. Sir Baraka alitaka tuirekebishe, nikakataa."

"Kwa nini?"

"Mzee akitoka, utabaki nyumbani peke yako. Nikasema ibaki hivyo, nayo iwe inakuja kubisha."

Jana mchana, hapa Handeni, mume wangu ameenda msikitini na nyumba iko kimya. Rula ya Mwalimu Mhina imeegemea ukuta. Nikaifungua ile kompyuta, nikaandika hodi, nikabonyeza.

hodi

"Karibu," nikasema kwa sauti ile ya darasani, nikavuta kiti.